Kovu la mshono linaamuliwa baada ya nyuzi kutolewa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie makovu ya upasuaji. Kila siku katika jiji hili la Dar es Salaam, kuanzia Muhimbili na Mloganzila hadi Amana, Temeke, Mwananyamala na hospitali binafsi za mitaani, watu wanaruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa na mshono mpya: mama aliyejifungua kwa upasuaji, mzee aliyetolewa busha au ngiri, kijana wa bodaboda aliyewekewa vyuma mguuni, mtoto aliyefunguliwa kifua. Wengi huambiwa mambo matatu: umeze dawa, usilowanishe kidonda, urudi siku ya saba kutoa nyuzi. Siku ya saba nyuzi zinatolewa, mshono unaonekana mkavu, na huduma inaishia hapo. Miezi mitatu au sita baadaye baadhi yao wanarudi na kovu lililotutumka, gumu, linalowasha usiku kucha, na wakati huo tiba yake ni ndefu, inauma na ni ghali. Muda wa kulizuia kovu hilo ni ile miezi mitatu ya kwanza baada ya nyuzi kutoka, na ndiyo miezi ambayo mgonjwa anaachwa peke yake.

Mshono uliokauka haujapona. Wiki moja baada ya upasuaji, ngozi iliyoshonwa ina takriban asilimia 10 tu ya nguvu ya ngozi isiyojeruhiwa. Nyuzi zikitolewa, ni hiyo asilimia 10 inayobaki ikishikilia kila kitu. Nguvu hupanda taratibu hadi kufikia asilimia 70 au 80 mwishoni mwa mwezi wa tatu, na haitarudi kamwe kuwa kamili. Wanaofanya kazi hiyo ni seli zinazofuma kolajeni, ule utembo mgumu unaoishika ngozi pamoja. Seli hizi zinahisi mvuto. Ngozi ikivutwa huku na huku, zinaongeza kolajeni. Kukiwa na usaha, uzi uliobaki ndani, au ngozi ya juu iliyokauka na kupasukapasuka, zinaongeza pia. Kwa watu wengi, baada ya wiki kadhaa zinapunguza kasi, kovu linalainika na kusawazika. Kwa wengine hazipunguzi.

Zisipopunguza, kovu linaweza kwenda njia mbili, na ni lazima zitofautishwe kwa sababu tiba zake hazifanani. Ya kwanza ni kovu nene linalobaki ndani ya mipaka ya mshono. Huanza kutuna kati ya wiki ya nne na ya nane, hukua kwa miezi kadhaa, kisha huanza kushuka lenyewe, ingawa linaweza kuchukua mwaka au zaidi. Ya pili ni keloidi. Hii huvuka mipaka ya jeraha na kuingia ngozi nzima iliyo pembeni, huweza kuanza miezi mitatu baada ya upasuaji au hata baada ya mwaka, na haishuki yenyewe. Kovu nene unaweza kulisubiri huku ukilitunza. Keloidi ukiisubiri inaongezeka.

Sisi watu wenye ngozi nyeusi tumo katika kundi lenye hatari kubwa zaidi. Vitabu vya tiba vinataja kwamba asilimia 4 hadi 16 yetu hupata keloidi. Umri wa hatari ni kati ya miaka 10 na 30, na ujauzito huweza kuamsha keloidi iliyokuwa imetulia. Ukoo nao una nafasi yake: mama au kaka akiwa nayo, uwezekano wako unapanda. Mahali pa jeraha napo pana uzito wake. Katikati ya kifua, mabega, sehemu ya juu ya mkono, ndewe za masikio, taya, shingo na mgongo wa juu ni sehemu mbaya. Tumbo la chini, ambako mshono wa uzazi unakaa, linafuatia. Kope, viganja na nyayo ni nadra sana kupata keloidi.

Kwa hiyo kinga inaanza kabla ya kisu, na inaanza kwa kutazama. Atakayempokea mgonjwa amwangalie ndewe, kifua, kisogo pale kinyozi anapopitisha mashine, na kovu la chanjo ya kifua kikuu begani. Kovu hilo la chanjo karibu kila Mtanzania analo, na liko mahali penye hatari. Likiwa limetutumka, huyo ni mtu wa kuangaliwa kwa karibu. Likiwa limelala, ni dalili njema, ingawa si hakikisho. Aulizwe pia: je, una kovu lililokua kuliko jeraha lenyewe? Nyumbani kwenu nani analo? Maswali haya hayachukui dakika mbili, na jibu liandikwe kwenye faili mahali ambapo mpasuaji ataliona, si kwenye karatasi ya mapokezi inayobaki mapokezi. Na upasuaji usio wa lazima kwa mtu wa namna hii, kama kuondoa kidutu kifuani au kutoboa sikio tundu la pili, ni heri uachwe.

Nywele za eneo la upasuaji zisinyolewe kwa wembe. Bado kuna wagonjwa wanaoambiwa waje wamejinyoa, na wanajinyoa kwa wembe usiku wa kuamkia siku ya upasuaji. Wembe unaacha michubuko midogo isiyoonekana ambamo vijidudu vinazaliana hadi asubuhi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2016: nywele ziachwe, au zikibidi kupunguzwa zipunguzwe kwa mashine ya kukatia, si wembe. Mgonjwa aoge kwa sabuni siku hiyo au usiku wake, inatosha. Dawa ya kuzuia maambukizi, kwa upasuaji unaoihitaji, itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kukatwa. Maambukizi ya mshono ni miongoni mwa sababu kubwa za kovu baya, kwa kuwa kidonda kilichooza kinapona kwa kujazia nyama kutoka chini badala ya kingo mbili kushikana.

Kwa wapasuaji wenzetu tutasema machache, maana wanayajua. Mkato ufuate mikunjo ya asili ya ngozi kila inapowezekana. Ndiyo sababu mkato wa mlalo juu ya kinena huacha kovu zuri kuliko ule wa kushuka kutoka kitovuni. Mzigo wa mvuto ubebwe na tabaka za ndani, ili ngozi ya juu iguswe tu na mwenzake. Shona kipande cha kanga kisha ukivute pande mbili: matundu ya uzi yatapanuka kabla mshono haujafumuka. Ngozi nayo ndivyo inavyofanya, na alama zile za ngazi pembeni mwa kovu zinatokana na nyuzi za juu zilizokazwa mno au zilizokaa mno. Uso utolewe nyuzi siku ya 5, kichwa siku ya 7 hadi 10, tumbo na kifua 7 hadi 10, mikono na miguu 10 hadi 14, mgongo na juu ya viungo 14. Kusema “siku ya saba” kwa kila mtu ni kosa: usoni ni kuchelewa, gotini ni mapema.

Nyumbani sasa. Bendeji ya kwanza ikae saa 48 bila kufunguliwa, ila kama imelowa damu au inanuka. Baada ya hapo mgonjwa anaweza kuoga kwa maji yanayotiririka, ya bomba au ya kopo, akaacha maji ya sabuni yapite juu ya mshono bila kusugua, kisha akaukausha kwa kitambaa safi kwa kugusagusa. Asikae ndani ya beseni wala kuogelea baharini mpaka nyuzi zitoke na kusiwe na tundu. Amri ya kutolowanisha kidonda wiki nzima, kwa joto hili la Dar, inaacha jasho, mafuta na uchafu vikiganda juu ya mshono, na hilo lina hatari kuliko maji safi.

Kuna vitu vinavyomwagwa juu ya mshono ambavyo tunaomba viachwe kabisa: spiriti, haidrojeni peroksaidi, majivu, dawa ya mswaki, na unga wa kidonge cha rangi mbili (kapsuli ya antibiotiki). Spiriti na peroksaidi zinaua seli changa pamoja na vijidudu. Unga wa kidonge unakauka na kuwa gamba gumu, chini yake usaha unatulia bila kuonekana, na mtu anaweza kupata mzio juu yake. Tena ile imani kwamba kidonda lazima kiachwe wazi “kipate hewa” kikauke haina msingi. Ngozi mpya hutambaa haraka juu ya kidonda chenye unyevu kidogo. Ikikauka na kupasuka, inapeleka ishara ya hatari kwa seli za chini, nazo zinaongeza kolajeni.

Kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji tuna ombi maalumu, na tunalipeleka pia kwa mama wakwe na mashangazi wanaowauguza. Mama huyu asikandwe tumbo kwa maji ya moto. Mishipa midogo ya fahamu imekatwa, ngozi iliyo juu na chini ya mshono ina ganzi kwa wiki nyingi, hivyo maji yanaweza kumbabua bila yeye kusikia. Akiunguzwa hapo atakuwa na majeraha mawili mahali pamoja. Kanga ya kufunga tumbo si mbaya iwapo haikazi na haisugui mshono, lakini ikifungwa kwa nguvu inakunja ngozi juu ya kidonda na jasho linabaki humo, kisha fangasi. Kwa mama mwenye mkunjo wa tumbo unaofunika mshono, akaushe mkunjo kila anapooga na aweke kipande cha gozi (bendeji ya shashi) kavu au kitambaa safi cha pamba katikati, abadilishe kila kikilowa jasho. Asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki sita. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mvuto wake wote unaishia kwenye mshono. Akiamka kitandani ajigeuze ubavu kwanza, ashushe miguu, kisha ajiinue kwa mkono. Akikohoa ashikilie mshono kwa mto.

Aliyefunguliwa kifua, kama wanavyofanyiwa wagonjwa wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ana mshono mahali pabaya kuliko pote mwilini. Kila anapoinua mkono ngozi ya kifua inavutwa. Kwa wiki sita hadi nane za kwanza asiinue mikono yote miwili juu ya mabega kwa pamoja, asibebe zaidi ya kilo 5, asisukume wala kuvuta mlango mzito. Mwanamke avae sidiria laini inayobeba matiti vizuri mchana na usiku, maana uzito wa matiti unavuta mshono pande mbili. Kwa kifua tunashauri kinga tutakayoieleza hapa chini iendelee miezi sita badala ya mitatu.

Kinga yenyewe, kwa wengi, ni plasta ya karatasi. Ni ile plasta nyembamba yenye vitundu vidogo inayopatikana karibu kila duka la dawa, ya rangi nyeupe au ya ngozi. Majaribio yaliyofanywa kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji yalionyesha kwamba waliobandika plasta hii kwa wiki 12 walipata makovu mazuri kuliko walioachwa bila kitu. Inafanya kazi mbili: inapokea sehemu ya mvuto badala ya kovu, na inazuia ngozi ya juu isipoteze maji. Ajabu ni kwamba kitu rahisi hivi hakitajwi kabisa siku ya kutoa nyuzi.

Anza siku mbili tatu baada ya nyuzi kutolewa, pale gamba lote litakapokuwa limedondoka lenyewe na kusiwe na sehemu hata moja inayotoa maji. Osha eneo kwa sabuni isiyo na manukato, kausha, usipake mafuta yoyote. Plasta haishiki kwenye mafuta, na hilo ndilo linalowafanya wengi waseme haifai. Kata kipande kimoja kinachozidi urefu wa kovu kwa sentimita 2.5 kila ncha. Zungushia pembe zake kwa mkasi ziwe za mviringo, vinginevyo zitanyanyuka na kushika nguo. Sogeza kingo za ngozi zikaribiane kidogo kwa vidole vya mkono mmoja, kisha ulaze plasta juu ya kovu kwa urefu wake, bila kuivuta. Plasta iliyovutwa inarudi na kuleta malengelenge kwenye ncha. Oga nayo, kisha ikaushe kwa taulo. Katika miji yenye baridi plasta hukaa wiki nzima. Hapa kwetu, hasa joto la Februari na Machi, ibadilishe kila siku ya tatu au ikianza kunyanyuka. Kuibandua, ilowanishe kwa maji ya sabuni dakika chache, halafu ivute polepole kutoka ncha moja hadi nyingine kwa kufuata urefu wa kovu. Usiivute kukatisha kovu, maana hapo unafanya kilekile unachokizuia. Ngozi ikitoka vipele, iache ipumzike siku mbili, urudie. Vipele vikirudi mara ya pili, ngozi yako haiipendi gundi hiyo. Nenda kwenye silikoni.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu gharama ndiyo swali la kwanza. Mshono wa uzazi wenye sentimita 12 unahitaji kipande cha sentimita 17. Ukibadilisha kila siku ya tatu kwa siku 90, ni vipande 30, yaani mita 5 na ushee. Rola moja ya plasta yenye upana wa sentimita 2.5 mara nyingi ina takriban mita 9. Rola moja tu inamaliza miezi mitatu na kubaki.

Silikoni ina ushahidi mwingi zaidi, na kwa mtu aliyewahi kupata keloidi ndiyo tunayoitanguliza kama uwezo upo. Ipo ya karatasi laini na ipo ya jeli. Karatasi ikatwe izidi kovu kwa sentimita 1 pande zote. Siku ya kwanza ivaliwe kwa muda wa saa 4, kisha iongezwe saa chache kila siku hadi ifikie saa 12 au zaidi kwa siku, miezi mitatu. Ukianza kwa saa 24 moja kwa moja katika unyevu wa jiji hili utapata harara, utaitupa. Karatasi na ngozi vyote vioshwe kila siku kwa sabuni na maji, karatasi ikauke kwa hewa, wala isifutwe kwa kitambaa kinachoacha nyuzi. Kipande kimoja hutumika wiki kadhaa, hadi kisiposhika tena. Jeli hupakwa mara mbili kwa siku, tabaka jembamba sana, na kuachwa dakika 5 ikauke kabla ya kuvaa nguo. Ikipakwa nene haikauki na inaishia kwenye shati. Jeli inafaa usoni, shingoni na kwenye viungo ambako karatasi haikai. Vyote viwili visiguse kidonda kilicho wazi.

Kusugua kovu kunasemwa sana. Ushahidi wake si mkubwa, lakini kunasaidia mwasho na ugumu. Kuanzie wiki ya tatu, kwa mafuta ya kawaida yasiyo na manukato, dakika 5 hadi 10 mara mbili kwa siku, kwa kuzungusha kidole juu ya kovu na kulibonyeza chini. Usivute ngozi kuelekea nje ya kovu. Anayeitumia plasta asugue siku ya kubadilisha tu, kisha aoshe mafuta yote. Mafuta ya vitamini E, yanayouzwa sana kwa ajili ya makovu, hatuyashauri: hayajaonyesha faida kwenye makovu ya upasuaji, na wengi hupata mzio wa ngozi. Mshubiri na asali havitazuia keloidi. Mkorogo ni jambo zito zaidi. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali, na ngozi iliyochubuliwa inakuwa nyembamba, inachanika uzi unapokazwa na inachelewa kushikana. Mgonjwa amwambie mpasuaji ukweli, na mpasuaji amwulize bila kumfokea, vinginevyo hatajibu. Kovu changa likipigwa jua linakuwa jeusi kuliko ngozi ya jirani, kwa hiyo lifunikwe kwa nguo mwaka mzima wa kwanza.

Chakula kinatajwa mara nyingi kama chanzo cha keloidi. Hakuna chakula kinacholeta keloidi, na kumnyima mgonjwa mayai, samaki au maharage ni kumnyima protini ambayo mshono unaihitaji. Mtu wa kilo 60 anayepona upasuaji anahitaji takriban gramu 70 hadi 90 za protini kwa siku. Yai lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa takriban 15. Mwenye kisukari adhibiti sukari, na mvutaji aache sigara angalau wiki nne kabla na nne baada.

Dalili za kurudi hospitali ni za aina mbili. Zile za mapema ni usaha, harufu, homa, mshono kuachia. Kwenye ngozi yetu usisubiri wekundu, huenda usiuone. Weka mgongo wa mkono uone kama pana joto kuliko upande wa pili, tazama kama ngozi inang’aa, imevimba au imekuwa na weusi wa zambarau. Zile za baadaye ni mwasho unaoongezeka badala ya kupungua, maumivu ya kuchoma, kovu linalozidi kuinuka baada ya wiki ya sita, na hasa ukingo wake kuanza kutoka nje ya mstari wa mshono. Kovu la kawaida nalo huwa gumu kidogo kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, kisha linalegea. Linaloendelea kupanda baada ya hapo halifai kusubiriwa.

Likiwahiwa, tiba ni sindano ya triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani ya kovu, miligramu 10 hadi 40 kwa kila mililita kulingana na unene na mahali, kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara kadhaa. Dawa iingie kwenye kovu lenyewe, ambalo linakataa sindano kwa ugumu; ikiteleza kwa urahisi, imeingia kwenye mafuta ya chini, na itaacha shimo. Ngozi inaweza kupauka kwa muda, siku za hedhi zikavurugika, na sukari ya mwenye kisukari ikapanda. Kwa hiyo si sindano ya kuchomwa dukani. Anayejulikana kuwa na keloidi anaweza kuanzishiwa mapema, hata siku ileile ya kushonwa au nyuzi zinapotoka, kabla kovu halijatuna.

Jambo linalotuumiza zaidi ni keloidi kukatwa peke yake. Mtu anachoka na uvimbe wa sikioni, anapata mahali panapokubali kuukata, anashonwa, analipa, anakwenda. Keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine hurudi kwa asilimia 45 hadi 100, mara nyingi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Ikikatwa, lazima ifuatwe na sindano zilizopangwa tangu awali, au hereni ya kubana kwa ndewe, inayovaliwa saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi mingi, au mionzi inayoanza ndani ya saa 24 hadi 48. Jijini mashine za mionzi ziko mahali kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, na mpasuaji anayefikiria njia hiyo azungumze na wataalamu wa mionzi kabla ya kupanga tarehe ya kukata, kwani kesho yake ni kuchelewa kuanza kutafuta nafasi. Mionzi haitolewi kwa mjamzito, na kwa mtoto inaepukwa. Kugandisha keloidi kwa baridi kali kunafanya kazi pia, lakini kwenye ngozi nyeusi kunaacha baka jeupe.

Tunachoomba kwa waganga wafawidhi hakihitaji bajeti mpya. Nyuma ya kadi ya ruhusa ipigwe chapa mistari michache: lini uanze plasta, ibandikwe vipi, muda gani, dalili zipi. Anayetoa nyuzi aandike palepale tarehe ya kuangalia kovu wiki ya sita na mwezi wa tatu. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji hata tarehe mpya haihitajiki. Mtoto anapelekwa kliniki kwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9. Muuguzi anayemchanja mtoto amwombe mama aonyeshe mshono, aupitishie kidole, aulize kama unawasha, na ukiwa umetoka nje ya mstari ampe rufaa ya kliniki ya ngozi siku hiyohiyo.

Wauguzi na matabibu wa chumba cha vidonda,
Ilala, Dar es Salaam